Utelezi wa Maji Meupe

Jumatatu, 4 Machi

Binti yetu ameniletea daftari hili kutoka ofisini kwao, lina tarehe zote za mwaka. "Baba, andika humu badala ya kumnung'unikia mama." Mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Haya, naandika.

Mvua imeanza leo. Paa la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya mashine ya Mrefu, na msimamizi ameweka ndoo ileile. Mrefu ni jirani yangu kazini. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mfupi. Mimi ndiye niliyemfundisha kukereza chuma, na sasa anakereza karibu vizuri kama mimi. Nimesema karibu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nakereza shafti za pampu, vile vyuma virefu vya mviringo, kutwa.

Jumamosi, 9 Machi

Tumefungua pipa jipya la maji meupe. Asiyejua mashine za kukereza aelewe hivi: chuma kinazungushwa, kisu kinakila, na vyote viwili vinapata moto hadi kutoa moshi. Kwa hiyo tunakimwagia chuma mchanganyiko wa mafuta na maji, mweupe kama maziwa, ukipooze, ukilainishe na ukikinge na kutu. Dawa yenyewe huja mapipani ikiwa nzito, nasi tunaizimua kwa maji ya bomba. Mke wangu anafanya kazi katika kiwanda kinachoitengeneza, chumba cha kuchanganyia. Wenzangu wananitania kwamba nimeoa vizuri, napikiwa nyumbani na napikiwa kazini.

Kazi ya kupima maji hayo ni yangu. Kipo kifaa cha kupimia, kimo kabatini kwa msimamizi na kioo chake kimepasuka. Mimi natumia kidole gumba na cha shahada. Nachovya, nasugua. Yakiteleza, yako sawa. Yakikwaruza, naongeza dawa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyomfundisha Mrefu. Pipa hili jipya linateleza ajabu, nami nimelisifu mbele ya watu wote.

Jumatano, 13 Machi

Vidole vinawasha. Baridi hii.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu ameushika mkono wangu mezani, akaugeuza kama anachagua viazi sokoni.

"Hii ngozi imekuwaje?"

"Mvua."

"Mvua inakunyeshea viganjani tu?"

Nikauvuta mkono, naye akapata nafasi aliyokuwa akiitafuta. Akaniambia kwamba kwenye dawa ile huweka kitu kinachoitwa trietanolamini, mmoja wa ukoo wa alkoholi zenye amini. Ukoo mzima, anasema, una mikono miwili. Mkono mmoja ni alkoholi, unashikana na maji. Wa pili ni amini, unashikana na asidi. Trietanolamini ikikutana na asidi za mafuta inazaa aina ya sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoyapatanisha mafuta na maji humo ndani, wakati kwa kawaida hayaelewani hata kidogo. Na kwa kuwa amini inaimeza asidi, chuma hakishiki kutu. Ukoo huo umejaa kila mahali: kwenye shampuu, kwenye krimu anayojipaka dada yangu, kwenye vinu vya saruji ili unga usigandamane, kwenye minara ya kusafishia gesi. Nikamwambia basi ni kama kaka yake, hakosekani popote penye watu. Hakucheka.

"Nisikilize, baba watoto. Trietanolamini inaganda kwa baridi. Mvua zikianza tunaikuta pipani imekuwa kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kuiyeyusha kunataka chumba cha joto na subira, na bosi wetu hana hata kimoja. Ametuamuru tutumie ndugu yake mdogo, monoetanolamini, ambayo kwa baridi ya huku haigandi. Kazi inafanya, lakini ni kali. Inakula ngozi."

"Na nyie mmekubali?"

"Nimewaambia. Wakasema nichanganye. Sasa nakwambia wewe, acha kuchovya vidole."

"Nitapimaje?"

"Huo utelezi unaousifia hautoki kwenye maji tu. Mafuta ya ngozi yako nayo yanageuka sabuni."

Nimeudhika, siwezi kuficha. Mtu amepima kazi kwa vidole vyake tangu hajaota ndevu, leo anaambiwa kwamba alikuwa anajifua mwenyewe. Nikatoka barazani kutazama mvua. Aliniacha huko mpaka nikasikia baridi nikarudi ndani mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Nimechovya leo pia. Mrefu alikuwa ananitazama.

Jumanne, 26 Machi

Ngozi imepasuka kwenye viungo vya vidole. Kila mpasuko ni mdogo, lakini chumvi ikiingia naona nyota. Kalamu naishika kama mtoto wa chekechea. Nitaandika kwa kifupi.

Jumanne, 2 Aprili

Daktari ni mama mmoja mpole, ana sauti ndogo. Amenitazama mikono na mapaja, maana sasa vipele vimepanda hata pale suruali inapolowana. Akasema mwili wangu umeyakataa hayo maji, na ukishakataa kitu haurudi nyuma. Hata yakipunguzwa ukali, kwangu ni mwiba.

"Una njia mbili," akasema. "Vaa glavu kila unapoyagusa, au tafuta kazi nyingine."

Nilicheka, akashangaa. Nikamweleza. Kwenye mashine ya kukereza glavu ni marufuku. Chuma kinazunguka kwa kasi, kikinasa uzi wa shati kinavuta shati, kikinasa glavu kinavuta glavu pamoja na mkono uliomo. Asiye na glavu anakwaruzwa, anatukana, anaendelea. Mwenye glavu hawahi hata kutukana. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: GLAVU MARUFUKU MASHINE IKIZUNGUKA.

"Basi umebaki na njia moja," akasema daktari.

Njia gani? Mimi kazi nyingine siijui. Nimeanza kuishika hii nikiwa sina mke wala mtoto, na sasa mtu ananiambia niiache kama anayeniambia niache sukari. Nimempa mkono wa kwaheri, naye akaupokea kwa vidole viwili. Nimeumia kwa hilo kuliko kwa vipele.

Ijumaa, 5 Aprili

Mrefu amenivuta nyuma ya stoo, akakunja mikono ya shati. Ana vipele vilevile.

"Mtoto wangu hataki nimbebe, fundi. Anasema nakwaruza."

Tukaenda wote wawili kwa msimamizi. Akatuangalia kama tumekuja kuomba ruhusa ya kulala. "Nawa vizuri. Mvua hizi kila mtu anawashwa." Nikamwambia habari ya monoetanolamini. Akauliza nani kanieleza. Nikasema mke wangu. Akatabasamu. Sikupenda tabasamu lile, lakini Machi, mke wangu aliponionya, nilikuwa nalo mimi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo naandika mimi, mama watoto. Hawezi kushika kalamu, vidole viwili vinatoka damu akivikunja. Ananitajia maneno, nami naandika yale ninayokubaliana nayo.

Anasema niandike kwamba nimemletea glavu nyembamba za mpira kutoka kiwandani, zile tunazovaa sisi. Anasema niandike kwamba atazivaa mashine ikiwa imesimama tu, akiyagusa maji au akifuta chuma, na kwamba kabla ya kuiwasha atazivua. Nimeandika.

Hajasema niandike kwamba amelia akijaribu kufungua kopo la krimu. Hilo nimeandika kwa hiari yangu. Nachanganya dawa ile kila siku, nikirudi namkuta mume wangu nayo mikononi. Sijui nimlaumu nani, na kila asubuhi navaa koti la kazi naenda tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Glavu zinasaidia. Nimelala usingizi wa kueleweka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Shida ni kuvaa na kuvua. Zina unyevu ndani, zinang'ang'ania kama mtoto anayelazimishwa kuoga, na kila nikizivua zinaondoka na gamba la ngozi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua haikatiki. Leo sikuzivua mpaka mapumziko ya mchana. Nilikaa mbali na chuma, nikaangalia nilichokuwa nafanya. Hakuna lililotokea.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimezivaa kutwa. Msimamizi amepita mara mbili, ameona, amekwenda zake. Anazitaka shafti zake.

Jumatano, 24 Aprili

Mke wangu ameniambia nisiandike leo. Nitaandika.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa mikono. Nilikuwa namalizia shafti ya mwisho ya asubuhi. Nikamwona Mrefu kwa pembe ya jicho, anasugua chuma kwa msasa mashine ikizunguka, kama tunavyofanya sote. Mikononi alikuwa na glavu za njano, zile nene za jikoni za kuoshea vyombo, zenye kitambaa ndani. Nilipoziona nilisema moyoni, huyu kapata wapi hizo. Hilo tu. Sikusema, huyu avue. Nitaishi nalo.

Kisha mashine yake ikabadilisha mlio. Yeye hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Niliruka nikagonga kitufe chekundu, na chuma kikaendelea kuzunguka kidogo kwa uzito wake, kisha kikasimama. Mrefu alikuwa amepiga magoti kama mtu anayetafuta kitu chini ya mashine, mkono wa kulia uko juu, na glavu ya njano imejizungusha kwenye shafti.

Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, nimenaswa."

Tulirudisha chuma nyuma kwa mikono, polepole, mimi na watu wawili. Maji meupe yalikuwa bado yanamwagika, hakuna aliyekumbuka kuyafunga, nayo yalikuwa yamegeuka rangi. Nilimfunga mkono kwa shati langu. Wakampakia kwenye gari la msimamizi, ambalo siku zote haliruhusiwi kubeba mtu mwenye mafuta nguoni.

Walipoondoka niligundua kwamba bado nimevaa glavu zangu. Ya kulia ilikuwa imechanika kiganjani, nadhani ilichanika zamani, asubuhi au jana, na sikuhisi. Zangu ni nyembamba. Zikinaswa zinachanika, zinakuacha. Zake hazikuchanika. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwepo kati yangu na yeye.

Ijumaa, 26 Aprili

Hospitalini wamemkata Mrefu vidole vitatu na nusu ya kiganja. Gumba limebaki. Mke wake alikuwa ameketi pembeni ameshika tama, mtoto amelala mapajani.

Nilikuwa nimepanga maneno. Mrefu ndiye aliyeanza.

"Fundi, usinikasirikie."

"Nikukasirikie wewe?"

"Nilikuona unazo. Nikasema kama fundi mwenyewe anavaa, basi mambo yamebadilika. Nilitafuta kama zako, sikuzipata. Nikachukua za mama huyu, za jikoni."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika. Nilitoka nikasimama koridoni, muuguzi akaniuliza kama namtafuta mgonjwa, nikasema hapana.

Jumatatu, 29 Aprili

Msimamizi ameniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kiti. Kiti hicho sijawahi kukikalia.

Uongozi unataka kauli ya shahidi. Niseme kwamba sheria ya glavu inajulikana, imeandikwa ukutani, na Mrefu aliivunja kwa uzembe wake. Mimi ndiye mkubwa kazini, neno langu litatosha. Mrefu akionekana mzembe, karakana haitawajibika kwa matibabu yake wala kwa mkono wake.

"Na wewe mikono yako hii," akasema, "haiwezi tena mashine, tunaona. Stoo inahitaji mtu. Pakavu, hakuna maji, unakaa mpaka unastaafu. Nimekuombea."

Niliinuka kitini. Akadhani nimekubali, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kuzikunja.

"Stoo ni kazi nzuri," akasema.

"Ni nzuri."

"Mimi nachanganya sumu kila siku kwa sababu kodi ya nyumba inalipwa na mshahara. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukufundisha."

"Nakuuliza kama mke wangu."

Akaweka shati chini. "Kama mke wako, naogopa. Unga ukimwagika hatuna pengine. Lakini nikikuona unatoka hapa asubuhi kwenda stoo, nitakuwa najua umeipataje, na wewe utajua kwamba najua."

Nilimwoa mwanamke huyu kwa sababu alikuwa anacheka sana. Mwaka mzima huu nimemsikia akinipa maneno ya maana, nami nikayachukua kama kelele za redio. Nimemwambia hivyo. Akasema niache kujiliza, nimsaidie kukunja mashuka.

Alhamisi, 2 Mei

Nimesema. Walikuwa watu wanne mezani, msimamizi na wakubwa watatu ambao huwa tunawaona wakishuka garini tu. Nikasema sheria ipo na niliiandika mimi. Nikasema wa kwanza kuivunja ni mimi, kwa karibu wiki nzima, mchana kweupe, msimamizi akinipita. Nikasema tulimwendea kumwonyesha mikono yetu akatuambia tunawe. Nikaiweka mikono yangu mezani. Mmoja wao akavuta kikombe chake cha chai pembeni.

Msimamizi akasema mimi nina hasira za mgonjwa. Nikasema hasira ninazo, na ugonjwa ninao, na glavu nilivaa.

Wakaniambia nisubiri nje. Nilisubiri karibu na ndoo inayokinga mvua. Kisha wakaniita wakaniambia nikabidhi vifaa. Kwa Mrefu wataitisha kikao kingine, sasa wakiwa na maneno yangu, na afisa wa usalama kazini kutoka serikalini atakuwepo. Vifaa vyangu nimevifuta mafuta kimoja kimoja kabla ya kuvikabidhi. Hakuna aliyenihimiza.

Ijumaa, 3 Mei

Nimelala. Mvua.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kuomba kazi karakana nyingine, ile ya upande wa pili wa reli. Walinipokea vizuri, wananijua kwa sifa. Kisha nikaona maji meupe yanamiminika kwenye mashine, pua ikaanza kuwasha kabla sijagusa kitu. Nikaaga.

Jumatatu, 13 Mei

Mipasuko inafunga. Nimeandika ukurasa huu wote bila kusimama, kisha nimeufuta, maana ulikuwa wa kumtukana msimamizi tu.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zimepungua, mchana kuna jua. Mke wangu amerudi na habari: mapipa ya trietanolamini yameyeyuka yenyewe kwa joto, nao wamerudi kwenye mchanganyiko wa zamani. Hakuna tangazo, hakuna aliyeulizwa kitu. Mapipa ya ile kali yaliyobaki yameuzwa kwa watengenezaji wa dawa ya kusafishia sakafu.

"Kwa hiyo imekwisha?" nikamuuliza.

"Mpaka mvua zijazo," akasema.

Ameomba ahamishiwe kwenye kufungasha. Wamemwambia wataangalia.

Jumatatu, 27 Mei

Mikono imepona. Naiandika kama ilivyo. Ngozi imerudi, laini, haina hata alama nyeusi za mafuta kwenye mistari ya kiganja, zile ambazo mke wangu alizikuta siku nilipomwoa. Binti yetu amekuja, akaishika, akafurahi. "Baba, una mikono mizuri kumbe!" Nikafurahi naye. Alipoondoka nilikaa barazani nimeipakata kama vitu nilivyoachiwa na mgeni. Kazi niliyokuwa naijua ilikuwa humo, na imetoka pamoja na magamba.

Jumamosi, 1 Juni

Leo kilikuwa kikao cha Mrefu; uamuzi wao bado hawajautoa. Mke wake yuko zamu, akaniomba nimpitie nimsindikize.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, amevaa suruali na shati jeupe lililopigwa pasi, wazi mbele kutoka juu mpaka chini. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kifundoni. Alikuwa ametokwa jasho.

"Nimehangaika na kifungo kimoja tangu asubuhi," akasema. "Mkono wa kushoto mjinga sana, fundi. Haujui kitu."

"Utafundishika."

"Nani ataufundisha?"

Nikamsogelea, nikaanza na kifungo cha chini. Vilikuwa vidogo, vya kuteleza, na matundu yake yamebana kwa kuwa shati ni jipya. Akanyanyua kidevu akatazama dari. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu kila nilipoinama, na nadhani naye aliisikia yangu.

"Wataniuliza kuhusu wewe," akasema akiwa bado anatazama juu. "Wataniuliza kama nilikuiga."

"Waambie ndiyo."

"Ndiyo," akasema, kama anajaribu neno lilivyo mdomoni.

Nikafika kifuani. Akashusha macho akaitazama mikono yangu ikifanya kazi, akaitazama muda mrefu. Akasema imekuwa laini kama ya karani. Nikasema ndiyo, imepona. Hakuna aliyecheka kati yetu, ingawa zamani tungecheka. Nikafunga kifungo cha shingoni. Akasema nimekibana mno, nami nikakilegeza.